Kubaki na Moyo Katika Kundi la Mazoezi la Mtandaoni

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, simu inatetemeka kidogo mezani. Ujumbe umetoka kwa mwanakundi ambaye kwa kawaida hasemi mengi: "Leo nimeweza dakika nane tu. Samahanini."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Anamwomba nani msamaha? Miguu ni yake, pumzi ni zake, na saa hiyo wengi wetu tulikuwa bado tumejifunika shuka. Lakini namwelewa. Kundi la mazoezi likilegea kidogo tu hugeuka baraza la hukumu, hata kama kila aliyemo ana nia njema. Wenye kilomita kumi wanapongezwa kila siku, wenye dakika nane wanaanza kuona haya, wanapunguza kuandika, wananyamaza, na asubuhi moja unaona maandishi madogo ya kijivu kwamba fulani ametoka. Makundi niliyoyaona yakifa hayakufa kwa ugomvi, yalikufa kwa ukimya wa namna hiyo.

Basi hatua zifuatazo zote zinalenga kulinda moyo wako na wa wenzako bila kudanganyana. Moyo ninaousema ni ule unaoweza kutamka "leo imeshindikana" na bado ukaipanga kesho.

Hatua ya 1: Ingia na kipimo chako mwenyewe

Kabla hujaandika neno la kwanza kundini, chukua karatasi ujibu: wiki hii nitafanya nini, siku zipi, kwa muda gani? Usipokuwa na kipimo chako utaazima cha yule anayeposti sana, na mara nyingi huyo alianza miaka mingi kabla yako.

Pa kuanzia pazuri ni mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020. Mtu mzima anashauriwa kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazito kwa dakika 75 hadi 150, na angalau siku mbili katika wiki afanye mazoezi ya kuimarisha misuli. Wastani ni kile kiwango ambacho bado unaweza kuongea lakini wimbo huwezi kuumaliza. Sasa, kuna jambo ndani ya mapendekezo hayo ambalo ningependa kila kundi lilibandike juu kabisa. Yale ya awali, ya mwaka 2010, yalitaka mazoezi ya moyo na mapafu yafanywe kwa vipande visivyopungua dakika 10. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Kwa hiyo dakika nane za mwenzetu zinahesabiwa, na hakuna cha kuombea msamaha.

Namba nyingine inayowatesa watu ni hatua 10,000 kwa siku. Chanzo chake ni Japani, mwaka 1965, kampuni moja ilipoanza kuuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa, likaenea duniani kama sheria. Ni lengo zuri kwa anayeliweza. Wewe kama leo unatembea hatua 3,000, andika 4,000 kwenye karatasi yako na moyo utulie.

Hatua ya 2: Panga pamoja na kikwazo chako

Watu wengi wanadhani kuwa na mtazamo mzuri ni kujiona umeshafika: nguo za zamani zinakutosha, ngazi unazipanda bila kuhema, watu wanageuka kukutazama. Ndoto hizo ni tamu, na ndiyo maana ni za kuangaliwa vizuri. Mwaka 1991 wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kwa dhati kwamba wataweza walipungua zaidi. Lakini waliojichorea picha tamu kichwani, picha ambazo ndani yake kila kishawishi kinashindwa kwa wepesi, walipungua kidogo kuliko wale ambao hata katika fikra zao waliiona shida. Kutumaini kunakusukuma, lakini ndoto isiyo na kikwazo inakupa raha ya kufika kabla hujavaa viatu.

Kwa hiyo ukishaandika unachotaka, andika chini yake kitu ambacho kweli kitakuzuia. Usiandike "uvivu", kwani hilo halina mkono wa kulishika. Andika lile unalolijua: nikifika nyumbani nakaa kwenye kochi na siinuki tena. Kisha weka jibu lake katika sentensi moja. "Nikifika nyumbani, navaa viatu vya mazoezi kabla sijakaa." "Nikiamka nimechelewa, nafanya skwoti 20, yaani kuchuchumaa na kusimama, na pushapu 10 za ukutani kabla ya kuoga."

Sentensi hiyo ndiyo ya kuposti kundini siku ya kwanza. Kwa uzoefu wangu inaleta majibu mengi kuliko "nataka kupunguza kilo kumi", kwa sababu kila mtu ana kochi lake, na mwenye kochi kama lako atajitokeza.

Hatua ya 3: Ripoti ulichofanya, usijipe jina

Soma ujumbe huu: "Mimi ni mzembe, leo nimeshindwa tena." Halafu huu: "Leo nimetembea dakika nane, nimesimama kwa sababu nyonga ilianza kukaza. Kesho naanza kwa kunyoosha nyonga kwanza." Siku ni ileile na mtu ni yuleyule. Wa kwanza haumpi msomaji pa kushika, atabaki kukwambia "usijali, utaweza", na wewe hutaamini. Wa pili unamfungulia mlango mwenye ujuzi wa nyonga.

Mimi huandika vitu vitatu, na sizidishi mistari mitatu: nilichofanya, mwili ulivyopokea, ninachofanya kesho. Siku nzuri naandika hivyo, siku mbaya vivyo hivyo. Ukiandika kurasa siku ya ushindi na kunyamaza siku ya kushindwa, unawafundisha wageni kwamba hapa panakuja washindi tu.

Kuhusu mizani nina msimamo, na nausema waziwazi: usiposti uzito wako kila siku. Uzito wa mtu mzima unaweza kupanda au kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku moja kwa sababu ya maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni, na kwa wanawake mzunguko wa hedhi. Wiki ya kwanza ndiyo inayodanganya zaidi. Mwili huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukianza kula kidogo na kufanya mazoezi, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Mizani inashuka haraka, kundi linashangilia, emoji zinajaa. Wiki ya tatu mizani imesimama, pengine imepanda kidogo kwa sababu misuli iliyochoshwa nayo hushika maji wakati inajijenga upya. Hapo kundi linakuwa kimya, na mtu anaamini ameharibu, kumbe ndiyo kwanza mwili umeanza kujengeka.

Kama ni lazima uposti namba, posti wastani wa wiki nzima. Bora zaidi, posti kitu ambacho maji hayawezi kukibadilisha: planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) ya sekunde 20 imekuwa 35, kilima kile ulichokuwa ukisimama mara tatu sasa unasimama mara moja.

Hatua ya 4: Jibu kwa kushika kitu kimoja

"Hongera" ni neno zuri, lakini likitumwa mara arobaini kwa siku linachakaa. Lipe mwili. Mtu akiandika kwamba amekimbia dakika 25 bila kusimama, rudi nyuma kwenye ujumbe wake wa mwezi uliopita alipoandika dakika 12, unukuu, uweke chini yake: "Ona ulipotoka." Hiyo inachukua dakika moja na mtu anaweza kuitunza mwaka mzima. Sifia pia maamuzi, kama lile la kupumzika alipohisi maumivu au kushika mwendo wake wakati wenzake wanapaa. Sifa za umbo ziache. Ukimwambia mtu "umependeza sasa umekonda", umemwambia pia jinsi ulivyomwona kabla, na kuna mwanakundi mwingine mwenye mwili kama ule wa zamani anayesoma kimya.

Kwa siku mbaya, Kiswahili kimetupa neno ambalo tunalipita haraka mno. Pole. Halimlaumu mtu, halimhoji, halidai kwamba wewe ndiye uliyemkosea. Linasema tu kwamba mzigo wako nimeuona. Tatizo letu ni kwamba tunalisema na hapohapo tunaongeza "lakini": pole, lakini ungelala mapema, pole, lakini mimi nilipokuwa na shida hiyo nilifanya hivi. Jaribu kulituma peke yake, subiri, kisha uliza swali moja: "Unataka tushauriane au unataka tu kusikilizwa leo?" Nimeona watu wazima wakilia kwenye ujumbe wa sauti baada ya swali hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Hatua ya 5: Punguza kinachokuumiza kutazama

Hatua hii ni fupi. Picha za kabla na baada zikikufanya ujichukie, zima upakuaji wa picha kwa kundi hilo. Zima arifa na uweke nyakati mbili kwa siku za kusoma. Mtu mmoja akikuumiza kila anapoposti bila kosa lake, mpitie bila kumsoma kwa wiki mbili. Kama kuna wa kulinganishwa naye, fungua ripoti zako za miezi mitatu iliyopita.

Hatua ya 6: Jifunze kurudi, na jifunze kupokea

Hapa ndipo pa kukaa, maana hapa ndipo watu wanapopotelea.

Miaka kadhaa iliyopita niliumia goti. Wiki ya kwanza niliandika kundini, nikapewa pole nyingi. Wiki ya pili sikuwa na la kuripoti, nikanyamaza. Kuanzia ya tatu nikawa naandika ujumbe, "Habari za siku nyingi jamani", naufuta, naandika mwingine mrefu wa kueleza, naufuta. Kila siku niliyokaa kimya ilifanya ujumbe wa kurudi uhitaji maelezo marefu zaidi. Goti lilikuwa limeshapona, lakini mdomo ukawa umefungwa. Wiki ya tano dada mmoja wa kundi, ambaye hatujawahi kuonana ana kwa ana, alinitumia ujumbe wa sauti inboksi. Aliongea taratibu, nasikia kijiko kikigonga kikombe nyuma yake: "Mwenzangu, asubuhi zetu hazina sauti yako. Huna haja ya kuleta ripoti yoyote. Ukipenda, kesho saa kumi na mbili tunyooshe mwili dakika tano, wewe kwako mimi kwangu, tukimaliza tuambiane." Kesho yake tulifanya. Nilirudi kundini siku ya tatu bila kueleza chochote.

Namna ya kurudi, basi. Usieleze. Ujumbe wako wa kwanza uwe ripoti ya kawaida: "Leo nimenyoosha mwili dakika tano. Kesho natembea kumi." Watakaouliza utawajibu baadaye ukitaka. La pili, usilipe deni. Mtu aliyekosa wiki tatu hurudi na hamu ya kufidia, anafanya mara mbili, na siku ya nne ana maumivu mapya. Misuli hupata nguvu mapema kuliko kano zinazoishikilia kwenye mifupa, kwa hiyo utajisikia tayari kabla hujawa tayari. Mimi huanza na nusu ya nilichokuwa nikifanya, kwa wiki nzima, hata ninapojisikia naweza zaidi.

Na usiamini kwamba kukosa kumeharibu kila kitu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia mpya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 kwa jambo kuanza kufanyika lenyewe, lakini kati ya mtu na mtu makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Zile "siku 21" zinazotajwa sana si za kutegemea. Katika utafiti huohuo, kukosa siku moja hakukuwa na athari ya maana kwenye ujenzi wa tabia. Mtu huangushwa na kutoirudia, na mara nyingi anashindwa kuirudia kwa sababu ya aibu.

Kwa hiyo ninyi mnaopokea mna kazi kubwa kuliko anayerudi. Msimuulize "ulipotelea wapi?" hata kwa utani. Msimkumbushe alipokuwa amefika. Jibuni ripoti yake ya dakika tano kama mnavyojibu ya mtu yeyote siku yoyote.

Kundi langu liliazima wazo moja kutoka parkrun, zile mbio za bure za kilomita tano zilizoanza Oktoba 2004 katika Bushy Park, London, na wakimbiaji 13. Katika mbio zao kuna mtu wa kujitolea anayetembea nyuma ya wote hadi mwisho, ili asiwepo mshiriki anayefika wa mwisho. Sisi tukaweka zamu ya mtu wa nyuma kundini. Kila wiki mmoja wetu hapimwi kwa kilomita zake. Kazi yake ni kuangalia nani hajasikika kwa siku tano na kumwandikia inboksi kwa jina, bila kumdai chochote. Maneno tunayoyatumia yanakaribia yale ya yule dada: nimekukumbuka, huna deni, dakika tano kesho ukitaka. Kama kundi lenu litachukua jambo moja tu hapa, chukueni hili.

Hatua ya 7: Jua pa kusimamisha makofi

Kuna siku ambayo kutia moyo ni kosa. Mwanakundi anaandika: "Kifua kinabana nikikimbia lakini sikati tamaa!" na watu wanamjibu kwa alama za misuli na moto. Hapana. Maumivu au kubanwa kifuani, kuzimia au kutaka kuzimia, kukosa pumzi kusikolingana na kazi uliyofanya, ni dalili za kuacha zoezi palepale na kutafuta msaada wa daktari bila kuchelewa. Kundi liseme hivyo kwa sauti moja.

Misuli kuuma baada ya zoezi geni ni jambo la kawaida. Maumivu hayo huja taratibu, huwa makali kati ya saa 24 na 72, kisha huondoka yenyewe. Yanayochoma ghafla mahali pamoja, kiungo kinachovimba, maumivu yanayozidi kila siku, hayo si ya kuvumiliwa kwa ujasiri. Na mkojo ukigeuka rangi ya kahawia baada ya zoezi zito sana, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana misuli iliyovunjikavunjika inaweza kuumiza figo.

Kuna na hatari isiyo na vidonda. Mwenzetu anaanza kujivunia siku alizokaa bila kula, au anafanya mazoezi mara tatu kwa siku ili "kufuta" alichokula, au anauandika mwili wake kwa chuki. Usimpongeze kwa nidhamu, na usimkemee mbele ya wote. Mfuate inboksi: "Nimesoma ulichoandika nikawa na wasiwasi juu yako. Si uzito, ni wewe. Kuna mtu wa karibu au daktari unayeweza kuongea naye?" Kisha kaa naye, usimwandikie dawa. Vivyo hivyo kwa anayeleta vidonge au chai za kupunguza tumbo: admini aondoe tangazo, aeleze sababu kwa heshima, na asibishane naye hadi usiku.

Ukweli husemwa vipi bila kuvunja mtu? Kwa faragha ukiweza, kwa jambo moja, na ukiwa na ombi badala ya amri. "Kaka, nimeona video yako ya kunyanyua uzito, mgongo umepinda sana pale chini. Naomba upunguze uzito wiki hii ujirekodi tena, nitaangalia nawe." Ni rahisi zaidi kutuma alama ya moto, lakini ule ujumbe ndio utakaomwokoa mgongo.

Hatua ya 8: Toka vizuri ukilazimika

Si kila kundi ni lako. Ukiona kwa wiki mbili mfululizo unaifunga simu ukiwa mzito kuliko ulivyoifungua, na umeshajaribu kuzima arifa na kuongea na admini, ondoka. Usiondoke usiku kimyakimya, maana yule wa dakika nane ataona maandishi ya kijivu na kudhani amebaki peke yake. Andika mistari miwili. Mimi nilipoliacha kundi langu la kwanza niliandika hivi: "Ndugu zangu, natoka kwa sasa nipate utulivu, hakuna aliyenikosea. Mazoezi naendelea nayo. Anayetaka mwenza wa kutembea asubuhi, namba yangu ni ileile." Watatu walinitafuta wiki hiyo, na mmoja wao bado tunaripotiana hadi leo, saa kumi na moja na nusu.